Draya ya Kitale na Meza ya Zaragoza

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye maghala ya mahindi pale Kitale, Meneja wa Ghala alinipa punje moja akaniambia niiume. "Imelia?" akauliza. Nikasema haijalia. "Basi hayo ni maji, si mahindi. Ukiyafungia ghalani yataoza, utalia wewe." Nyinyi vijana mna vipimo vya unyevu vya kushika mkononi. Sisi tulikuwa na meno.

Nilihamishiwa Bungoma, kisha nikarudishwa Kitale nikiwa fundi wa draya, ile mashine ndefu inayopuliza hewa moto katikati ya mahindi mabichi. Ilikuwa kuukuu. Mwaka mmoja mvua ilikataa kuacha wakati wa kuvuna, draya ikazimika, na wakulima wa Tongaren wakapanga matrekta nje ya geti huku mahindi yakiota ndani ya magunia. Kaka yangu alikuwa kwenye foleni hiyo. Hakunilaumu, lakini sikuweza kumtazama usoni.

Draya mpya ikaagizwa kutoka Uhispania, nami nikachaguliwa kwenda mji wa Zaragoza kujifunza kuiendesha. Meneja akaniita ofisini. "Wafula, mashine inakuja na meli. Akili yake inakuja na wewe. Ukirudi mikono mitupu, msimu huu tumekwisha."

Fundi Mkuu wa kiwanda kule alikuwa mzee mnene aliyeokota Kiingereza chake melini, basi tukaelewana. Asubuhi alinionyesha mashine mbiombio, na kila nilipouliza swali alijibu, "Baadaye." Saa nane mchana mji mzima ulifunga milango, maduka kwa viwanda, naye akanipeleka kwake tukale. Mkewe akanibusu mashavu yote mawili. Mimi Mbukusu, na huyu ni wa rika la mama mkwe wangu, ambaye hata mkono simpi! Nilisimama kama nguzo ya simu. Lakini hilo nililizoea.

Kilichoniponza ni adabu yangu mwenyewe. Kwetu mgeni akishashiba haketi kutazama sahani kama anayengoja kuongezwa. Ananawa, anashukuru, anatoka, wenye nyumba wanapata nafasi. Basi kila siku nilikula, nikashukuru, nikaenda kusimama nje. Hiyo "baadaye" haikufika. Siku za kurudi zikakaribia, na bado sikujua kupima moto ili punje zikauke bila kupasuka. Niliogopa, nawaambia kweli. Kila nikifumba macho naliona trekta la kaka.

Siku moja mama yule alinishika mkono nikiinuka, akasema neno. Mumewe akatafsiri: "Anauliza, chakula chake ni kibaya?"

"Ni kizuri sana, mama."

"Mbona unakikimbia?" Kisha mzee akaongeza la kwake. "Kiwandani naonyesha kazi. Ninaifundisha hapa, tukishakula. Baadaye ndiyo hii. Tulidhani hututaki."

Nikaketi. Aibu niliyoiona! Mzee akasukuma sahani kando, akasimamisha kipande cha mkate kikawa draya, akamwaga chembe za mkate zikawa mahindi. Akanieleza kwamba punje ikipigwa moto mfululizo hupasuka. Ipashe, iache ipumzike, ndipo uipashe tena. Mchana baada ya mchana tukakaa hapo, mama akitumenyea machungwa, mpaka nikaijua mashine ile yote.

Nilirudi Kitale tukaifunga draya mpya, na msimu huo mvua ilinyesha vilevile. Mahindi ya kaka yalipotoka kwenye draya niliuma punje mbele yake. Ikalia. Tulicheka wote wawili.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya tisini, lakini ile tabia ya mezani nilikuwa nimeshaileta nyumbani. Mke wangu Nasimiyu, aliyezoea kula jikoni, alidhani nimerukwa na akili. "Baba Nekesa, si utoke nitoe vyombo?" Nikamwambia aketi kwanza. Tulikuwa tumeoana miaka mingi, na ni hapo mezani nilipojua kwamba anaogopa radi.

Sasa hayupo, na ninamkumbuka sana, hasa mchana. Juzi binti yetu Nekesa alikuja kunipikia, akala upesi, akaanza kukusanya sahani.

"Acha kwanza. Keti."

"Baba, si nimechelewa?"

"Mama yako alikuwa anaogopa radi. Ulijua?"

Akazirudisha sahani mezani, akavuta kiti.