Chembe za Dari la Bi Mwanakheir

Kila asubuhi, kabla hajateleka chai, Bi Mwanakheir hufagia chembe zinazodondoka kutoka kwenye boriti za dari lake, ghorofa ya juu, mtaa wa Malindi. Ni ndogo kuliko ufuta, kavu, rangi ya kahawia. Huzizoa kwa kipande cha boksi na kuzitupa.

Siku fundi Abdulwahid alipokuja kukagua dari, Bi Mwanakheir alifagia mara mbili, maana fundi naye ni mgeni. Abdulwahid aligonga boriti mbili tatu, akatazama sakafu inayong'ara, akasema mchwa walishahama zamani. Bi Mwanakheir akashusha pumzi. Mwanawe, Msabah, alikuwa ameshaapa kwamba boriti zikiwa mbovu, mama anahamia kwake Chukwani, nje ya mji, wiki hiyo hiyo. Naye hajalala nje ya nyumba hii tangu alipoolewa.

Jumanne iliyofuata akapanda Thuwaiba, binti wa jirani aliyesomea wadudu chuo kikuu, na sahani ya visheti.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Kaa, lakini si hapo, leo sijafagia."

Thuwaiba alikwisha kuinama. Akaokota chembe moja, akaigeuza kiganjani. Ilikuwa na pande sita.

"Haya mavi ya mchwa, Bi. Na kama jana ulifagia, haya ya leo. Wamo."

"Mavi gani makavu hivi!"

Thuwaiba huona haya hata kuagiza chai mkahawani, lakini hapo hakusita. Alieleza kwamba mdudu hana figo. Ana mirija myembamba kama uzi, inayoelea ndani ya damu yake, inachuja uchafu na kuumimina utumboni. Mchwa wa mbao kavu hana pa kunywa maji, basi mwisho wa utumbo wake hubana na kukamua kila tone lirudi mwilini. Kinachobaki hutoka kikavu, na alama za kubanwa pande zote sita.

"Miaka mitatu wasoma mavi ya wadudu?"

"Na mikojo, Bi. Vyote hutoka njia moja."

Bi Mwanakheir alicheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akaitazama boriti iliyo juu ya mto wake.

"Kumbe fundi nlimfagilia ushahidi wote."

Thuwaiba akauliza, "Nimwambie Ami Msabah?"

"Mwambie. Na mwambie chumba cha uani kina dari la zege, ntalala huko mpaka boriti zibadilishwe. Chukwani siendi."