Katoni Kavu kwa Mzee Kimeu

Mwanangu, iko siku naikumbuka kila nikisikia mtu akisema asiyesoma hajui kitu. Shule niliiacha mapema, lakini malori yangu leo unayaona kutoka Kwa Vonza mpaka Emali. Nilianza na moja tu, kuukuu, la kubeba mchanga wa mto.

Hilo ndilo nililoenda nalo Emali kumwona Mzee Kimeu, baba yake Mwende, msichana niliyetaka kumwoa. Mzee alikuwa dereva mstaafu. Tulikunywa chai vizuri. Nilipoondoa lori, akaona dimbwi la mafuta kwenye uwanja uliofagiliwa asubuhi.

"Kijana, gari lako limekojoa kwangu."

"Ni kidogo tu, mzee. Mimi huwa naongezanga."

"Hata mtoto hukojoa kidogo, na hatumwozeshi. Mbuzi za ntheo usilete mpaka hiyo kitu ikauke."

Na bila mbuzi za ntheo, mwanangu, kwetu Ukambani huna mke, hata mkizaa. Nilirudi nyumbani masikio yakiwaka moto.

Mafuta yalitoka kwenye difu, lile bonge la gia kati ya magurudumu ya nyuma, pale shafti inapoingia. Hapo pana sili, ringi ya mpira inayoyazuia. Mafundi wa sokoni wakaniambia niongeze mafuta niende zangu. Nikakataa. Nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikalala chini ya lori pale pale nyumbani. Nati ya shafti niliitia alama kabla ya kuifungua, ili irudi mahali pake. Nikang'oa sili kuukuu, mpya nikaipaka mafuta, nikaigonga pole pole kwa kipande cha mbao, mzunguko wote, isiingie upande. Nani alinifundisha? Macho yangu.

Nikaendesha mpaka Migwani na kurudi. Ikavuja! Jirani yangu Mutua akacheka mpaka akashikilia ua.

"Valisha difu nepi, bwana harusi!"

Nikajiuliza: sili ni mpya, inashindwa na nini? Juu ya difu kuna kitundu cha kupumulia. Nikakipapasa. Kimeziba kabisa, tope la mtoni limekauka kama saruji! Kumbe difu ikipata moto, hewa ya ndani inakosa njia, inayasukuma mafuta yapite kwenye sili. Nikakizibua kwa waya, nikatia sili nyingine, nikaenda Migwani tena. Kavu!

Emali nilifika na wazee wetu, mbuzi wakilia nyuma. Mzee Kimeu hakusalimia mtu. Alitandaza katoni chini ya difu kwanza, ndipo akatukaribisha. Tukala, tukaongea mpaka jua likapinda, na mimi nyama siisikii utamu, macho yangu yako kwa katoni. Mwishowe akaivuta, akaigeuza, akainusa. Kavu kama unga.

"Mwende!" akaita. "Kuja uone bwana yako."

Basi mwanangu, kitu kikivuja kwako, kiwe gari au nyumba yako, usibadilishe tu kile unachokiona. Tafuta kinachosukuma. Na mzee akikukemea langoni mwake, usinune. Anataka kuona kama utarudi.

Mungu akupe mikono isiyochoka, akufungulie malango ya wakwe kama alivyonifungulia mimi, na popote utakapoegesha, uache pakiwa pakavu.