Mlio wa Leo

Kiwandani walimwita Sauti, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho. Kwa miaka mingi alikuwa mpokea simu wa kiwanda cha magodoro, na sauti yake ilikuwa laini kiasi kwamba wateja waliopiga kugomba walijikuta wakiomba radhi. Halafu siku moja, jua la mchana likiwaka dirishani, simu ikalia, akaipokea kwa salamu yake ya kila siku, na mtu asiyemjua akamwambia kuwa mumewe amegongwa na lori. Mumewe hakufika hospitali akiwa hai.

Mazishi yakapita, watu wakatawanyika, naye akarudi kazini. Simu ya kwanza ilipolia, vidole vilikufa ganzi. Ya pili, vilevile. Si kwamba alikuwa akiukumbuka msiba. Kwake kila mlio ulikuwa uleule, na kila anayepiga alikuwa yule mtu, anarudia habari yake. Meneja alimhurumia, ila kazi haikungoja, akamhamishia stoo ya mito. Huko hakukuwa na simu. Hakukuwa na mtu pia. Alishinda katikati ya marundo ya mito, hata akikohoa, kikohozi kinamezwa.

Nyumbani ndiko kulikomtesa zaidi. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali, na kila Jumapili alikuwa akipiga. Sauti aliifukia simu kabatini chini ya nguo. Ikilia, anatoka uani kufua hata kisichochafuka. Binti akadhani mama amenuna. Akapunguza kupiga, mwisho akaandika: "Mama, nimekukosea nini?" Mama alikaa na ujumbe huo mkononi jioni nzima, akajibu, "Hujanikosea kitu." Aliona haitoshi, ila hakujua cha kuongeza.

Aliyempeleka kwa daktari ni wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke wa maneno mengi.

"Wifi, nimeshafiwa na kaka," alimwambia. "Sitaki kufiwa na wewe ungali unapumua. Vaa tuondoke."

Daktari alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Ubongo wako umezichanganya simu zote zikawa moja," alisema. Akagusa kichwa chake mwenyewe usawa wa sikio. "Humu ndani kuna sehemu inayosaidia kutenganisha jambo la leo na la zamani lililofanana nalo. Kwa panya, imeonekana sehemu hiyo huendelea kuzaa seli mpya hata ukubwani. Panya mwenye seli hizo za kutosha akitishwa, hutulia upesi. Msongo ukimkalia muda mrefu, zinapungua. Akikimbia na kujifunza mambo mapya, zinaongezeka."

"Na mimi je?"

"Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana, nisikudanganye. Lakini kutembea, kulala vizuri, kukaa na watu, na kuizoea simu kidogo kidogo, hayo yamewasaidia wengi, seli ziwepo zisiwepo."

"Kwa hiyo, daktari," wifi akadakia, "niwe namkimbiza kama panya."

Sauti akacheka, na kicheko chake kikamshtua mwenyewe.

Wifi akahamia kwake, wakaanza kutembea asubuhi kabla ya kazi, kila mara njia wasiyoizoea. Jioni wifi hupiga simu kutoka chumba cha pili, na Sauti, kama alivyoelekezwa, huiacha ilie kidogo huku akitazama ukuta, meza, mikono yake, kisha anapokea.

"Nani anapiga?" wifi anauliza.

"Wewe."

"Nimesema nini?"

"Hujasema la maana, kama kawaida yako."

Kisha wifi akaitwa na mwanawe kwenda kulea wajukuu, akahama. Sauti akawa anatembea peke yake. Jioni anapika chakula cha mtu mmoja, anakula amesimama.

Ndipo siku moja simu ikalia akiwa jikoni. Namba ngeni. Moyo ukampiga. Akatazama sufuria, akatazama mvuke unavyopanda. Akapokea.

"Fundi bomba?" mwanamume aliuliza.

"Umekosea namba."

"Samahani, mama."

"Usijali, baba."

Mtu yule alikata, naye akabaki na simu sikioni. Mapigo yalikuwa yanashuka. Kabla hayajatulia kabisa, akampigia binti yake.

"Mama?" Binti alishtuka. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu. Nimepiga tu."

Upande wa pili akasikia binti anapenga kamasi. Wakaongea habari za mafua na bei ya vitunguu mpaka sufuria ikaungua.

Binti aliahidi kuja mwezi uliofuata. Hakuja, mumewe alikosa likizo. Lakini alipiga, na mama alipokea, mara nyingine mlio wa kwanza, mara nyingine simu ikikaribia kukatika. Kuna siku alishindwa kabisa, akakaa kitandani mpaka ikanyamaza, kisha akamwandikia: "Leo imenishinda. Jaribu kesho."