Sindano Niliyoitupa Chooni

Hili lilinitokea mimi mwenyewe, si shangazi wa jirani wa mtu. Nafundisha darasa la tatu. Kutwa nzima kazi yangu ni kuwakamata waongo wadogo wanaosema daftari limeliwa na mbuzi, kwa hiyo uongo naujua hata ukija umevaa viatu. Ninachokuambia hapa si uongo. Ukitaka kucheka, cheka, ila subiri tufike mwisho kwanza.

Kila mtu ana kitu kinachompumzisha roho. Kuna wanaoshinda kwenye bao, kuna wanaofuga njiwa. Mume wangu anaweza kukaa nusu siku anaifungua redio nzima, anaifunga tena, na haikuwa imeharibika. Mimi nafuma. Nilikuwa nafuma, niseme hivyo. Vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia vyombo. Natoka shule kichwa kinawaka, nashika sindano na uzi, tundu la kwanza, la pili, la tatu, kichwa kinapoa. Hakuna aliyenituma wala aliyenilipa, na ndiyo maana nilikipenda.

Tulikuwa watatu, wote wa Mwankoko: mimi, Mama Neema na Mama Zubeda. Ikiingia baridi ya Juni na Julai, na ule upepo wetu wa Singida unaokupiga mpaka masikio yanauma, wenzetu wanajifungia ndani. Sisi ndio tunatoka. Kila Jumamosi alasiri tunapanda kwenye mawe makubwa juu ya ziwa. Jiwe limeshiba jua mchana kutwa, ukikaa unapata joto kwa chini na baridi kwa juu. Tunajifunga vitenge mpaka puani, chupa ya chai ya tangawizi katikati, viazi vitamu vya kuchemsha, na kila mtu na kikapu chake cha uzi. Mama Neema alifuata viazi, tusidanganyane. Kitambaa kimoja alikifuma miaka miwili.

Fundi alikuwa Mama Zubeda. Mjane, anauza khanga na mashuka sokoni, mdomo mrefu, mkono mwepesi. Na alikuwa mashoto. Shika hilo. Mtu wa mashoto akifuma, kazi yake inazunguka kinyume na ya kwetu, na ua lake linaangalia upande wake. Asiyejua kufuma haoni. Anayejua anaona palepale.

Sasa sikia alichonifanyia. Binti wa jirani alikuwa na kicheni pati, nikampelekea zawadi kitambaa cha meza nilichokihangaikia miezi minne. Mama Zubeda akakinyanyua juu mbele ya wanawake wote, akachungulia kwenye matundu yake, akasema, "Jamani, Mwalimu ametuletea chujio la togwa!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bibi harusi mwenyewe alicheka. Mama Zubeda alikuwa na kicheko chake kimoja, kinaanza puani halafu kinapasuka, nacho ndicho nilichokisikia kuliko vyote. Utasema ni utani. Utani una wenyewe, na mimi sikuwa mtani wake.

Nilirudi nyumbani, nikashika sindano, mkono ukakataa. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Nilinunua uzi mpya wa rangi ya maziwa. Nilitazama mitindo kwenye simu mpaka bando likaisha. Nilijaribu kufuma alfajiri, nikajaribu baada ya sala, nikajaribu kule kule mawe ya ziwani. Wapi! Hamu ni kama kuku wa kienyeji, ukimkimbiza ndiyo unamfukuzia mbali. Mwaka mzima nilikaa na wenzangu Jumamosi kikapu kimefungwa, nakunywa chai, nacheka nao usoni, na moyoni nasema, wewe mwanamke, utanilipa.

Akafa wakati wa masika. Homa ya siku tano, basi.

Msibani nilitumwa chumbani kwake kuchukua mkeka. Kikapu chake kilikuwa kitandani. Ndani kulikuwa na kitambaa cha meza cheupe, maua yake madogo madogo kama ya ufuta, alichokuwa anamfumia bintiye Zubeda kwa ajili ya harusi ya Agosti. Kilikuwa zaidi ya nusu. Sindano bado imo kwenye kitanzi cha mwisho, ile sindano yake aliyoipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye mkia ili isichanganyike na zetu. Nikakitia chini ya kitenge changu, nikatoka na mkeka. Sikuiba, nilijiambia. Nimejilipa.

Sindano ingenitambulisha, maana Mwankoko nzima waliijua. Nikaitupa kwenye choo cha shimo nyumbani kwangu, nikaisikia inagonga ukuta mara mbili ikishuka.

Na usiku uleule, amini usiamini, hamu ikarudi! Nilifuma mpaka jogoo akawika. Ilibidi nikigeuze kitambaa, nifumie upande wa nyuma, ili mkono wangu wa kulia uufuate mzunguko wa mashoto yake. Maua yangu yakawa yanaonyesha mgongo pale yake yanapoonyesha uso. Nani angejua? Mama Neema, yule wa viazi, alikishika, hakuona kitu, akasema, "Mwalimu, sasa umeiva!" Basi.

Zubeda akaja nyumbani, amekonda. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama alikuwa ananifumia kitambaa. Nimetafuta nyumba nzima. Wewe ulikuwa rafiki yake, hukukiona?"

Ningeweza kusema sijui, yakaisha. Lakini hasira ikishakaa ndani mwaka mzima haitosheki na kijiko kimoja. Nikamwambia, "Sijakiona. Ila siku ile ya kugawana nguo, shangazi yako alitoka na mfuko mkubwa."

Shangazi huyo, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyekuwa asimame badala ya mama siku ya harusi. Hakuwa na kosa hata punje. Wakagombana, wakatoleana maneno, shangazi akafungasha akarudi kwake Ulemo, akaapa hakanyagi harusi ya mtu anayemwita mwizi. Binti akabaki bila mama na bila shangazi, wiki nne kabla ya harusi. Na mimi, Mungu ananisikia, nilipoambiwa nilisikia utamu.

Jumamosi iliyofuata Mama Neema alikuwa na mafua. Nikapanda kwenye mawe peke yangu, nimebakiza mzunguko wa mwisho tu. Jua lilikuwa bado lipo, jekundu, halina joto. Upepo ulikuwa mkali mpaka ndege heroe kule ziwani wamejikunja kichwa ndani ya bawa. Nikasikia mtu anapanda. Mwanamke, kitenge kimefunika kichwa na pua, sweta mikono mirefu imemeza vidole. Sikushangaa, hata mimi nilikuwa vilevile. Akakaa jiwe la pembeni.

"Baridi haijakufukuza," akasema.

"Baridi ndiyo inanileta. Karibu chai."

Nikammiminia. Kikombe alikishika tu, hakunywa. Tukaongea kama watu wanaokutana njiani: mavuno ya alizeti, upepo, watoto. Akaniuliza kama siku zote nafuma. Nikamwambia kuna mwaka hamu iliniisha kabisa, nikadhani sitashika sindano tena maisha.

"Ilirudije?"

"Ilirudi yenyewe," nikasema.

Akakitupia jicho kitambaa. "Kizuri hicho. Umefuma mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Chote?"

"Tangu tundu la kwanza, dada yangu."

"Lete nione." Akanyoosha mkono. Nikampa, kwa sababu nina kiburi, na kazi ile nilikuwa natamani aisifie mtu yeyote, hata mpita njia. Akakitandaza magotini, akakipitisha vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto. Vidole vikasimama pale pale. Palepale!

"Hapa mashoto," akasema. Akasogeza kidole. "Hapa mkono wa kulia. Kwani Mwalimu siku hizi una mikono miwili ya kufumia?"

Sikuwa nimemwambia kwamba mimi ni mwalimu.

Akaikamata ncha ya uzi kwa mkono wa kushoto, akavuta. Wewe kama umewahi kufuma unajua: kazi ya miezi ukiipata kwenye ncha inafumuka yote. Krr, krr, krr. Ua moja, jingine, mstari, mzunguko. Huku anavuta, huku anakunja uzi donge, hana haraka. Nikanyoosha mkono nimpokonye, mkono ukaishia hewani. Nikasema, "Dada, niache, nakuomba." Akaendelea. Usiku wangu wote, alfajiri zangu zote, zikapita mbele ya macho yangu zikirudi kuwa uzi.

Halafu uzi ukagoma. Akavuta, haukwenda. Ulikuwa umefika kwenye kitanzi cha mwisho cha Mama Zubeda, na kuanzia hapo kazi ilikaza kama imepigwa gundi. Akacheka. Kikaanzia puani, kikapasuka. Nywele zote zikanisimama, maana kicheko hicho nilikuwa nimekibeba kichwani mwaka mzima.

"Ulinidai kicheko kimoja," akasema. "Ukamlipisha wifi yangu, ukamlipisha mtoto wangu. Mimi ndiye niliyekucheka, ungenidai mimi."

Akaushika mkono wangu wa kulia katikati ya mikono yake. Ulikuwa ni ubaridi wa namna nyingine, ule wa maji ya mtungini alfajiri. Akasema, "Hamu nakuachia yote." Hilo ndilo neno lake la mwisho. Akashuka mawe upande wa ziwani, upande ambao hauna njia, upepo ukipeperusha kitenge chake, na mimi nikabaki nalia kama mtoto wa chekechea.

Nilipoinama kukiokota kitambaa niliona sindano imo kwenye kitanzi. Si yangu, yangu ilikuwa kwenye kikapu. Ilikuwa na mkia mwekundu. Niliitupa chooni mimi mwenyewe, narudia, niliisikia ikigonga mara mbili. Sasa niambie, ilitokaje?

Sikurudi kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Zubeda, nikampigia magoti mlangoni, mimi niliyemfundisha kusoma, nikasema yote. Akampigia shangazi yake, akaweka simu spika, akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Halafu shangazi akasema, "Mwalimu, mimi sikulaani. Aliyekwisha kukulaani anatosha."

Shangazi alikuja harusini, alisimama mahali pa mama, tena alipendeza. Na Zubeda, damu ya mama yake ile, hakukimalizia kitambaa wala hakukificha. Alikitandika meza ya mbele vilevile kilivyo nusu, sindano inaning'inia. Mimi nilikalishwa mstari wa kwanza. Kila mgeni aliyeuliza mbona hakijaisha aliambiwa, na kila aliyeambiwa aligeuka kunitazama. Nilikaa mpaka keki ikakatwa.

Laiti ingeishia hapo. Mkono wangu huu wa kulia unaandika ubaoni, unasonga ugali, unafua mablanketi. Lakini ukishika sindano ya kufumia, vidole vinafunguka vyenyewe, sindano inaanguka. Daktari alinibinya kila kidole, akasema mkono mzima huu. Nimeombewa. Nimejaribu wa kushoto, ndiyo kwanza unatetemeka.

Na hamu? Hamu imejaa mpaka inanikosesha raha! Maua ambayo sijawahi kuyaona yananijia nikiwa nasahihisha daftari, nikiwa nakata vitunguu. Najua kila tundu lake. Naamka nayo, nalala nayo, haina pa kutokea. Ule mwaka niliokaa bila hamu niliuona adhabu. Nilikuwa sijui kitu.

Kwa hiyo nakuonya. Mtu akikuumiza, mdai yeye, mdai angali hai, usoni kwake, uyamalize. Akifa, muache aende na deni lake. Na kazi ya mkono wa marehemu usiiguse, hata kama imelala mbele yako na hakuna anayekuona.

Jumamosi za baridi bado tunapanda kwenye mawe, mimi na Mama Neema. Yeye anafuma, mimi namshikia donge la uzi. Anafuma vibaya, jamani! Juzi alikinyanyua juu kitambaa chake, matundu yake mengine unapitisha ngumi, akaniuliza, "Mwalimu, unakionaje?" Neno likanijia lote mpaka ulimini. Chujio la togwa. Na kicheko nyuma yake.

Hapo nikasikia uzi mkononi mwangu unavutwa, mara moja, polepole, kwa upande ambao Mama Neema hayuko.

"Kizuri sana, mwenzangu," nikasema. "Endelea."