Mabakuli ya Mawimbi

Walimwita Mama Mstari, na jina hilo halikutokana na mtoto, maana mtoto hakujaliwa. Lilitokana na kazi yake. Alikuwa mfinyanzi, na chombo kilichotoka mkononi mwake kilisimama wima kana kwamba kimepigiwa rula. Ukivipanga vikombe vyake juu ya ubao, ukafumba jicho moja na kuvitazama kutoka pembeni, ulikiona kimoja tu. Watu wa mtaani walipotaka kumsifu fundi yeyote, awe mwashi au kinyozi, walisema kazi yake imenyooka kama ya Mama Mstari. Mwenyewe alijifanya hasikii, lakini alikuwa anasikia vizuri sana.

Karakana yake ilikuwa banda la gari nyuma ya nyumba, ingawa gari lenyewe hawakuwahi kuwa nalo. Mlangoni yalikaa mapipa ya udongo yaliyofunikwa matambara yenye maji. Rafu za ukutani zilikuwa zimepinda kwa uzito, tanuri la umeme lilijibanza kwenye kona, na chini ya dirisha ndipo lilipokuwa gurudumu lake la mota lenye kanyagio la mguu, na kando yake ndoo, sifongo na kipande cha waya wa kukatia. Mumewe alikuwa fundi cherehani na cherehani yake aliiweka barazani, kwa hiyo kutwa mmoja alizungusha huku na mwingine akazungusha kule, wakirushiana maneno kupitia ukuta.

Asubuhi moja aliukanda udongo kama kawaida, akaubamiza katikati ya gurudumu, akalowanisha mikono na kuanza kuinua bakuli. Ukuta ulipanda vizuri, halafu ukaanza kucheza. Vikatokea vijiwimbi vyembamba vikizunguka kutoka chini hadi mdomoni, mfano wa maji yaliyopitiwa na upepo. Akaliponda. Akainua jingine, nalo likacheza.

"Udongo huu una nini leo?" akapaza sauti.

"Ukiniuliza mimi habari za udongo, basi hali ni mbaya kweli," mumewe akajibu toka barazani.

Akaukanda upya mpaka mabega yakamuuma. Mambo yakawa yaleyale. Akahisi ni gurudumu, akamwita fundi baiskeli wa pale njia panda, ambaye ndiye alikuwa akimtengenezea beringi zikilegea. Fundi alilizungusha, akaweka sikio, akalizungusha tena.

"Mama, hii beringi ni nzima kuliko mimi," akasema. "Kama kuna kitu kinacheza humu, basi si gurudumu."

Alipoondoka, Mama Mstari alibaki ameduwaa. Kama si udongo na si gurudumu, ni nini kilichobaki? Jibu alikuwa nalo, ila hakutaka kulitazama usoni. Akainyoosha mikono mbele ya dirisha, vidole wazi. Vilikuwa vikitetemeka kidogo kidogo, bila kukoma, kama masharubu ya paka.

Hakumwambia mtu. Alianza kunywa chai kwa kushika kikombe kwa mikono miwili, akisema anapenda joto lake, na huku jasho linamtiririka. Moyo nao ulikuwa ukimwenda mbio hata akiwa amekaa tu. Alijiambia ni uchovu. Kisha akajiambia ni umri. Kisha akaacha kujiambia chochote, akaendelea na kazi, akizipanga zile kasoro zake kwenye rafu ya chini ili baadaye azitumbukize kwenye ndoo zirudi kuwa udongo. Lakini kwa jinsi mawazo yalivyomzidi, siku ya kupakia tanuri aliyapakia mabakuli yale pamoja na mengine, na akagundua yalipokwisha kuiva mchomo wa kwanza. Hapo hayarudi tena kuwa udongo.

Wiki hiyo akaja wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa na duka la vyombo vya nyumbani mjini. Wifi alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mikono isiyotulia. Kabla hajakaribishwa kiti alikuwa ameshapekua rafu zote.

"Haya nayo?"

"Hayo ni makosa, wifi. Yaache hapohapo."

Wifi akaokota moja, akalizungusha viganjani. Akalipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Makosa gani haya? Wifi, miaka yote hii ulikuwa umetuficha nini? Yamalizie, nitakuja kuyachukua."

"Utanitia aibu dukani."

"Aibu nitaibeba mimi. Nina kifua."

Basi akayamalizia kwa shingo upande. Aliyachovya kwenye uji wa kung'arisha, ule mchanganyiko wa majivu na mchanga laini ambao ukiingia motoni hugeuka kioo, bila hata kuukoroga sawasawa. Tanuri lilipopoa akafungua mlango, na akabaki ameushika mlango huohuo. Uji ulikuwa umeteremka ukatuama kwenye mabonde ya vile vijiwimbi, kijani kizito, na kwenye migongo yake umebaki utando mwembamba unaoruhusu wekundu wa udongo kuonekana. Alikuwa ameutumia uji ule kwa miaka mingi na hajawahi kuiona rangi hiyo. Kwenye kuta zake zilizonyooka haukuwa na mahali pa kutuama.

Aliyapenda. Hapohapo akaona haya kuyapenda, kama mtu aliyejikuta anacheka msibani.

Wifi akaja akayachukua, na haukupita muda simu ikaita.

"Yameisha!" Wifi alikuwa anapiga kelele kana kwamba simu haipo. "Yote! Mteja mmoja ananiambia ukilishika ni kama umeshika maji yaliyosimama. Nataka mengine. Umebuni lini mtindo huu?"

"Sikubuni kitu."

"Ndivyo wasemavyo mafundi wakubwa wote. Haya, lini?"

Mama Mstari aliiweka simu mezani, akashika tama. Vyombo vilivyonyooka, alivyovihangaikia tangu ujana wake, watu walivinunua, wakasema asante na kwenda zao. Hiki alichokificha rafu ya chini ndicho walichokipigia simu. Sasa afurahi, au alie? Na wakimsifu, wanamsifu nani?

Akayafanya mengine. Na alipoacha kupigana na mikono yake, kazi ikaanza kumvuta. Alijaribu udongo laini zaidi, mawimbi yakawa mapana. Alijaribu kuzungusha polepole, yakasambaa kama mikunjo ya shuka. Aliuzidishia majivu ule uji, akaupunguza, akautia vumbi la kutu alilolikwangua kwenye mabati ya zamani, akapata kahawia ya asali. Alikuwa anaingia karakana mapema na kusahau kula. Ila tatizo lilikuwa moja: alipofungua tanuri hakuweza kusema lipi zuri na lipi baya. Zamani jicho lake lilikata kama mkasi. Sasa aliliweka bakuli kulia, akalihamishia kushoto, akalirudisha kulia, mpaka kichwa kikamzunguka.

Mumewe ndiye aliyegundua, na alilijua kwa kazi yake. Alikuwa anampunguzia sketi kiunoni kwa mara nyingine, pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini.

"Mke wangu, sketi hii nimeipunguza juzi tu. Kitambaa hakirefuki. Wewe ndiye unayekwisha." Akamshika mkono. "Na huu mkono unafanya nini?"

"Unatetemeka."

"Tangu lini?"

"Tangu mabakuli yenyewe yalipoanza," akasema, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaruhusu.

Hospitali ilijaa, lakini zamu yao ilifika. Daktari, msichana mwenye miwani na sauti ya upole, alimpapasa shingo, akamwambia ameze mate, akamtoa damu ikapimwe. Waliporudi kuchukua majibu akawaeleza kwamba kuna tezi shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, na hiyo ndiyo inayoukimbiza moyo, inayommaliza mwili na kumtetemesha mikono.

"Ina dawa, mama. Ukiitumia vizuri, mkono utatulia."

"Utatulia kabisa?"

"Kabisa."

"Hauwezi kutulia nusu?"

Daktari akamtazama mumewe, mumewe akatazama dari.

"Mama, nusu ya nini?"

Akapokea dawa zake wakaondoka.

Dawa ilifanya kazi yake. Kidogo kidogo moyo ukarudi kwenye mwendo wake, chakula kikakaa mwilini, na vidole mbele ya dirisha vikatulia tuli. Mumewe akaiachia sketi kiunoni huku akipiga mluzi. Mama Mstari naye akakaa kwenye gurudumu, akainua bakuli. Likasimama wima, limenyooka, halina hata doa. Akalitazama kama anavyotazamwa ndugu aliyerudi safari ndefu na sasa hamjui mzungumze nini.

Huku wifi anasubiri. Basi akajaribu kuyaiga mawimbi. Alitumia kitana, alitumia kijiti cha mwanzi, akamwomba hata mumewe amgonge kiwiko wakati anainua ukuta.

"Nikugonge kwa nguvu gani?"

"Kama mtu anayebisha hodi na hataki kufunguliwa."

Mumewe akagonga, bakuli likalala chali, wakacheka mpaka wakashikana. Yale yaliyosalimika aliyachoma, akampelekea wifi dukani mwenyewe. Wifi aliyapanga juu ya kaunta, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Wifi, usinichukie. Haya ni bati la paa."

"Si mawimbi hayo?"

"Ni mawimbi, ila yamepangishwa foleni. Yale ya mwanzo hayakujua kama yanatazamwa."

Maneno hayo yalimwingia. Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo hajui lilitoka wapi, kwani hakuwa mtu wa mzaha na afya. Aliacha dawa. Kila asubuhi alikitoa kidonge, akakifunga kwenye leso, akakitupa kwenye pipa la taka za karakana. Alijiambia ni kwa muda tu, mpaka atakapopata mabakuli ya kujaza tanuri moja.

Mtetemo ulirudi, lakini haukurudi kama alivyouacha. Siku aliyokaa kuyafinyanga, mikono ilitikisika hata udongo ukamponyoka katikati ya gurudumu. Moyo ukampiga kifuani mpaka masikioni. Akateleza toka kwenye kiti, akaketi sakafuni kwenye tope, mgongo umeegemea pipa, gurudumu likizunguka tupu juu yake. Alitaka kumwita mumewe na sauti haikutoka. Ila mumewe alizoea kuusikia mguu wake ukiongeza na kupunguza mwendo wa gurudumu, na sasa alisikia mvumo mmoja usiobadilika. Cherehani ikanyamaza.

Alimkuta hivyo. Hakugomba. Alimnywesha maji, akamfuta tope mikononi, akasubiri pumzi zirudi. Kisha akasema taratibu, "Wateja wa dada yangu wakikosa mabakuli, watanunua sahani. Mimi nikikukosa wewe, nitanunua nini?"

Akamrudisha hospitali, daktari akampa maneno makali kwa sauti ileile ya upole, na safari hii alikitia kidonge mdomoni mbele ya mumewe.

Alipopata nguvu alimwita wifi, akamweleza yote toka mwanzo: mkono, tezi, vidonge kwenye pipa. Wifi alisikiliza akiwa amekalia ndoo iliyofudikizwa.

"Kwa hiyo muda wote ule mimi nilikuwa nauza ugonjwa wako?"

"Ndiyo, wifi."

"Na nikakusukuma ulete mwingi zaidi." Akaufunika uso kwa ushungi. Alipoufunua macho yalikuwa mekundu. "Mungu atusamehe. Lakini yalikuwa mazuri, jamani."

"Yalikuwa mazuri," Mama Mstari akakiri. "Hilo ndilo linalonichanganya. Sijui kama yalikuwa yangu."

"Nani mwingine aliketi hapo?"

Swali hilo hakulijibu siku hiyo, wala hajalijibu vizuri hata sasa. Alirudi kwenye vikombe vyake, na vilitoka vimenyooka, na wateja wake wa zamani walivipokea. Lakini jicho lilikuwa limeshaharibika, au limefunguka, hakujua lipi. Mchana mmoja alikata bakuli kwa waya na kulinyanyua mapema mno, likiwa bado bichi. Ubavu mmoja ukalegea taratibu, ukakaa chini kidogo kama mtu anayejiegemeza ukutani kupumzika. Mkono wake haukuwa umetetemeka hata kidogo. Zamani angeliponda papo hapo.

"Njoo uone," akamwita mumewe.

Mumewe akaja na futi yake shingoni, akaliinamia bakuli upande huu, akaenda upande ule.

"Limeanguka au umeliangusha?"

"Nimeliacha."

"Ni zuri?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui," akasema mumewe, naye akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hulifanya mara chache saa za kazi. Mama Mstari akalisogeza lile bakuli kwenye ubao mbali na jua ili likauke polepole, akalowanisha mikono na kuchota udongo mwingine.