Kamba ya Pamba kwa Mikono ya Fundi Cherehani

Shughuli yote iligharimu mita nane za kamba ya pamba, mkasi mmoja wa kukatia bandeji, na kidole gumba kilichokufa ganzi. Nimehesabu mara mbili. Gumba halikuwa langu, lakini nililihangaikia kama langu.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala la chama cha ushirika hapa Bariadi, tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, nilimuuzia mzee mmoja kamba ya katani haraka haraka, nikijisifu moyoni. Meneja wa Ghala akamrudisha kutoka mlangoni.

"Umemuuliza inafunga nini?"

"Ni kamba, bosi. Inafunga."

"Maksai wa plau anafungwa katani kwenye pembe, avute atakavyo. Ndama ukimfunga katani mguuni, itamla ngozi. Muuza kamba asiyeuliza anauza vidonda."

Mzee alikuwa na ndama. Akaondoka na kamba ya pamba.

Baadaye nilihamishiwa duka la Nyalikungu, Maswa. Huko Mkaguzi wa Maduka, mtu mkavu kama ufito, alinifundisha kipimo chake: zungushia kamba mkononi mwako mwenyewe, ukae nayo mpaka taarifa ya habari redioni iishe. Ikikuchoma, ni ya magunia. Ikikata, ni ya ndoo ya kisima. Usiiuze kwa chochote chenye ngozi.

Ilipokuja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa huru, duka la ushirika likafungwa, nami nikafungua kibanda changu Somanda, mjini Bariadi. Nailoni ikaingia kwa malori, ya kijani, ya bluu, inayong'aa kama samaki. Kila mtu akaitaka. Katani ikaonekana ya kishamba, na pamba, ambayo tunailima wenyewe, ikaonekana ya kimaskini.

Ndipo akaja dereva mmoja wa lori la pamba, mtu mzima, ameoa.

"Nataka kamba nzuri."

"Inafunga nini?"

"Mzigo."

"Mzigo gani?"

"Wa nyumbani tu, mama. Kwani kamba siku hizi ina usaili?"

Akachagua nailoni nyembamba ya kijani. Tukavutana bei, tukaagana vizuri.

Haikupita wiki, akaja mke wake. Nilimfahamu: fundi cherehani mwenye kibanda jirani na hospitali. Alishika mkono wake wa kulia kama anayebeba yai.

"Mwadila, mayu," akanisalimu Kisukuma, akiniita mama. "Ule mzigo wa mume wangu ni mimi."

Nikashusha pazia la kibanda.

"Amekupiga?"

"Angenipiga ningekwenda kwa wazazi wake, siyo kwako. Tunacheza, mayu. Chumbani. Ananifunga mikono nikitaka. Tena mimi ndiye niliyelitamka kwanza, usije ukamlaumu."

Nilikuwa nimeuza kamba miaka mingi, nikidhani nimesikia matumizi yake yote. Nikavuta kigoda.

"Na unapenda?"

"Ningekuwa sipendi ningekuja kutafuta nyingine?"

Akanionyesha. Alama nyembamba ilizunguka kifundo cha mkono, na gumba halikuhisi sindano. Daktari alimwambia mshipa wa fahamu umebanwa, asubiri. Nguo za harusi ya watu nazo zilikuwa zinasubiri. Mume alikuwa ametupa kamba chooni na kuapa hatagusa nyingine, hata ya kuanikia nguo.

"Amekuwa kama mfiwa," akasema. "Gumba lisiporudi nimekosa kazi. Likirudi, yeye harudi. Nisaidie."

Nikamwambia gumba liamke kwanza, halafu waje wote wawili. Liliamka polepole, kama mtoto aliyekatizwa usingizi. Wakaja. Mume alikuwa anatazama mizani yangu tu.

Nikawapangia kamba mezani. Katani: nyuzi zake huchoma, na huacha vibanzi. Nailoni nyembamba: inateleza, ikiburuzwa inaunguza ngozi, na fundo lake ama linafumuka lenyewe ama linajibana. Pamba iliyosukwa, nene kama kidole cha shahada: inashika fundo, inainama na mkono. Ichemsheni kwanza, ianikeni, itakuwa laini zaidi. Nikamfunga mume pamba mkono mmoja na nailoni mkono wa pili, nikafungulia redio. Kabla habari za mikoani hazijaanza alikuwa anaomba nailoni itolewe.

"Sasa umejua," mkewe akamwambia. "Mimi nilikaa na hiyo mpaka ukamaliza kutafuta kiberiti."

Kumbe taa ilizimika, na mume akamwacha mkewe peke yake, amefungwa, akaenda kutafuta moto. Hapo ndipo fundo la kitanzi lilipojikaza.

Basi nikawafundisha kama tunavyomfunga ndama. Mizunguko mitatu au minne iliyolala bapa, ubavu kwa ubavu, ili uzito ugawanyike. Fundo lisilosogea ukivuta. Vidole viwili vipite chini yake. Isikae penye mfupa wala penye mpigo wa damu. Mkono ukipoa, ukibadilika rangi, au ukianza kuwasha kama unatembewa na sisimizi, mnafungua papo hapo, hamjadiliani. Neno moja la kusimamisha, na likitamkwa, limetamkwa. Aliyefungwa haachwi peke yake. Mkasi wenye ncha butu, kama huu wa bandeji, uwe karibu. Shingo haiguswi.

Mume akapata sauti. "Mama, punguza basi."

"Bei nitapunguza. Ya shingo sipunguzi."

Akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. Mkewe akachukua kamba, akampa yeye aibebe.

Nimestaafu sasa, nalima kijijini Ipililo. Niliyemwachia kibanda anauza kwa mita na haulizi swali. Mwezi uliopita fundi alikuja kunisalimu, nywele nyeupe kama pamba ya daraja la kwanza.

"Ile kamba imechakaa, mayu."

"Bado mnaendelea?"

"Kwani mimi nimestaafu?"

Lakini akanyoosha mikono. Viungo vimevimba kwa uzee, na ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilijifunga pamba ile ile mkononi mwangu, nikafungulia redio, ikaniuma nikaivua kabla habari hazijaisha. Na mimi ngozi yangu si ile ya Nyalikungu.

Nimefikiria utambi mpana wa taa. Nimefikiria kitambaa cha fulana kilichokatwa vipande vipana. Nimefikiria washikane mikono tu, nikamwambia, akanitazama kama niliyemuuzia bidhaa mbovu. Ninyi mnaouza vitambaa, na ninyi mnaouguza wazee: ngozi ya namna hii, inafungwa na nini?