Mkono Uliobeba Shingo ya Mama

Sijui kama naandika vizuri, shule yangu iliishia la saba. Lakini habari ya mkono huu naijua kuliko mtu mwingine.

Tangu tumzike mama, mkono wangu wa kulia ulikuwa haupandi kupita kifua. Majirani waliufunga kwa kanga, wakanikataza hata kuchota maji. Walinipenda, siwalaumu. Wifi yangu alisema naubembeleza mkono nisipige alizeti. Naye simlaumu sana, maana vichwa vya alizeti vilijaa uani, kuku wanakula, na ndiyo mafuta yetu ya mwaka mzima.

Nikaenda hospitali ya Kiomboi, picha ikaonyesha mfupa mzima. Nikaona aibu, kumbe wifi yuko sahihi? Dada wa mazoezi ya viungo akaniamkia shikamoo, akasema, "Mama, mfupa kuwa mzima si kwamba unadanganya. Unaumwa kweli. Huo mkono unalinda kitu. Mara ya mwisho ulibeba nini?"

Nikamwambia: shingo ya mama, tukimpandisha kwenye gari, nami sikutaka itikisike. Hapo nikahisi bega limepanda karibu na sikio, kama vile bado nimembeba.

Akanifundisha kutoa pumzi taratibu, mkono uning'inie na kubembea, huku nikisimulia habari za mama. Niliona kama mchezo wa watoto. Hata hivyo nikaufungua mkono ile kanga, nikafanya kila asubuhi. Mkono ukapanda mpaka usawa wa bega, ukagoma.

Ndipo akaja jirani yetu Msukuma, mtani wetu sisi Wanyiramba. Akachukua fimbo yangu ya kupigia, akawa anagonga alizeti kama anafukuza nzi.

"Mama yenu alikuwa anapiga mpaka mbwa wanakimbia," akasema. "Au mlimzika na mkono wako? Tukaufukue?"

Neno hilo ni mtani tu anayeweza kulisema. Wifi akaziba mdomo. Mimi nikacheka mpaka pumzi yote ikaniishia, nikamnyang'anya fimbo. Ikapanda juu ya kichwa kabla sijakumbuka kuogopa.

Haki isemwe: dada wa Kiomboi anasema bila zile asubuhi, utani ungeukuta mkono umekakamaa. Mtani anasema daktari ni yeye, anadai kuku. Nawaamini wote wawili, ila kuku hapati.

Siku za baridi bega huuma, natoa pumzi, linalegea. Alizeti niliimaliza mwenyewe. Wifi alishika ungo akapepeta. Radhi hakuomba, nami sikumdai.